Skrubu Mpya Kwenye Mashine ya Zamani

Mwaka 2011 Mmarekani Edward Ford alichangisha fedha kupitia Kickstarter ili auze mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao, ambayo mtu angeiunga mwenyewe nyumbani kwa gharama isiyozidi dola 300. Aliiita Shapeoko. Mwaka huohuo Barton Dring naye alichangisha fedha za MakerSlide, boriti ya alumini yenye kingo za kutembezea magurudumu, ambayo Shapeoko iliitumia. Akili ya mashine ilikuwa GRBL, programu inayokaa ndani ya Arduino, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwe. Ili bei ifike pale, kila kipuri kilibanwa. Mhimili wa wima, ule unaopandisha na kushusha mota ya kukatia, ukapewa bolti ndefu ya M8, ya aina inayopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Bolti hiyo ikizunguka mara moja, mota inashuka milimita 1.25. Uizungushe mara 600 kwa dakika, bado mwendo haufiki mita moja. Nyuzi zake ni za kukazia, hazikuchongwa kwa ajili ya kubeba mzigo unaopanda na kushuka kutwa nzima, kwa hiyo nati hulika na kuanza kucheza. Ndiyo maana wenye mashine hizi, na za jamaa zake zilizofuata, wakitaka kuboresha huanzia hapo. Naona wana haki. Mhimili wa wima ndio unaozama kwenye mbao, na ulegevu wowote wa mashine nzima hujionyesha kwenye ncha ya biti.

Mpango wenyewe huwa mfupi. Toa bolti ya M8, weka skrubu ya gololi ya 1204, yaani yenye kipenyo cha milimita 12 na inayosogea milimita 4 kwa mzunguko. Toa magurudumu ya plastiki, weka reli mbili za chuma zenye vitelezi vyake. Unganisha vyote kwa mabamba mawili ya alumini. Vipuri huagizwa mtandaoni na kufika vikiwa vimezungushiwa karatasi ya mafuta, na ukivitazama mezani hushawishika kwamba kazi ni ya jioni moja.

Kikwazo cha kwanza ni mpangilio wa kazi. Mabamba yale mawili lazima yatobolewe na kukatwa kwa usahihi, na mashine pekee ya kuyakata mara nyingi ni hiihii inayosubiri kufunguliwa. Basi mhimili mbovu ndio unaopaswa kuchonga mrithi wake, na anayefungua mashine kabla ya kukata anabaki na sanduku la vipuri na fremu isiyofanya kazi. Mashine dhaifu ikipewa alumini ya milimita 12 inaimudu, ila kwa subira: biti ya jino moja, kina cha milimita 0.2 kwa kila mzunguko wa njia, brashi ya mafuta ya taa mkononi ili vumbi la alumini lisigande kwenye biti. Hiyo ni mizunguko 60 hadi bamba likatike. Ukiharakisha na kuongeza kina, stepa mota, zile zinazosogeza mihimili hatua kwa hatua, zinapoteza hatua na tundu linahama. Nawaheshimu sana mafundi wanaokaa kando ya mashine saa zote hizo bila kushawishika kuongeza mwendo.

Vitelezi navyo vina tabia yake. Kimoja kikitoka kwenye reli bila kupokelewa na kile kipande cha plastiki kilichokuja nacho, gololi zake ndogo zinaweza kumwagika sakafuni, na zikishachanganyika na unga wa mbao hakuna wa kuzirudisha zote.

Baada ya hapo ni skwea. Fundi hufunga saa ya kupimia kwenye koleti ya mota, huizungusha taratibu kwa mkono, sindano ikigusa meza mbele, nyuma, kushoto na kulia. Mota ikiwa imeinama kwa milimita 0.1 katika kila milimita 100, biti pana ya milimita 25 itaacha kijingazi cha milimita 0.025 kila inapopita. Jicho huenda lisikione, lakini ukucha unakihisi, na vanishi ikipigwa juu yake kinajitokeza waziwazi. Dawa yake ni kulegeza bolti za bamba na kusukuma humo vipande vyembamba vya kopo la soda, ambavyo unene wake ni karibu milimita 0.1, kisha kukaza na kupima upya.

Yote hayo ni taabu ya kawaida ya kazi, na mtu mwenye uzoefu huitarajia. Linaloniumiza kichwa zaidi ni jambo jingine, ambalo sijaliona likiandikwa kwenye orodha za vipuri. Bolti ya M8, kwa uduni wake wote, ilikuwa na kazi za ziada ambazo hakuna aliyeipa.

Kazi ya kwanza ilikuwa breki. Nyuzi zake zimelala sana na zina msuguano mwingi, kwa hiyo umeme ukikatika mota ilibaki palepale ilipoachwa. Skrubu ya gololi imetengenezwa ili iwe na msuguano mdogo sana, na ndiyo sifa inayonunuliwa. Lakini kwa sababu hiyohiyo uzito unaweza kuizungusha kinyumenyume. Ruta ndogo ya Makita ya kilo 1.8 huenda ikavumilika, lakini wengi wanapoimarisha mhimili huwa wanataka pia kuning'iniza mota ya kilowati 2.2, yenye uzito wa karibu kilo 5. Stepa mota inaushikilia mzigo huo hasa kwa nguvu ya umeme. Dar es Salaam umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, au uniti za LUKU zikaisha, na hapo mota inaweza kuteremka ikiwa biti bado inazunguka kwa kasi iliyobaki nayo, moja kwa moja ndani ya ubao wa mninga uliokuwa umebakiza hatua chache ukamilike. Kuna njia za kuzuia: stepa mota yenye breki yake, springi ya kubeba uzito kwa juu, au kuridhika na ruta nyepesi. Kila njia ina gharama na inahitaji nafasi kwenye bamba, na bamba limeshakatwa.

Kazi ya pili ilikuwa kumkinga mwendeshaji. Mwendo ule wa pole ulimpa muda wa kufikia swichi. Stepa mota yenye hatua 200, ikigawanywa mara nane, huhitaji hatua 1,280 kwa kila milimita kwenye bolti ya M8, na 400 tu kwenye skrubu ya 1204. Namba hiyo inakaa kwenye GRBL, mstari wa $102. Ikibaki ya zamani, ukiamuru biti ishuke milimita 5 itashuka 16, na plaiwudi ya milimita 12 inatobolewa pamoja na meza iliyo chini yake, kwa kasi kubwa kuliko mkono. Mistari jirani nayo inataka kuguswa: mwendo wa juu kabisa, uongezaji wa kasi kwa kuwa mzigo umezidi, na urefu wa safari.

Miradi mingi mikubwa kuliko huu huandikwa kwa namna hiyohiyo. Kuna safu ya tatizo, safu ya suluhisho, safu ya gharama, na hakuna safu ya kuuliza kile kinachoondolewa kilikuwa kinasaidia nini. Pampu ya mkono kijijini inachosha na inatoa maji kidogo, lakini haijawahi kuhitaji umeme. Anayeibadilisha kwa pampu ya mota bila kuandika hilo kwenye mpango amewapa watu maji mengi yenye sharti jipya. Sisemi pampu ya mkono ibaki, wala bolti ya M8 ibaki. Nasema kazi zake zihesabiwe kabla haijang'olewa, kwa sababu siku hiyo bado kuna nafasi kwenye bamba.

Urefu wa safari nao unastahili kuangaliwa kabla ya kununua. Mhimili wa milimita 150 unavutia, lakini kama nafasi chini ya boriti ni milimita 75, mbao nene kuliko hapo haipiti hata hivyo. Na kadiri biti inavyoning'inia mbali na inaposhikiliwa ndivyo inavyopinda: urefu ukiongezeka mara mbili, kupinda kunaongezeka mara nane. Kufupisha biti iliyojitokeza na kupandisha meza kwa bamba la MDF kunaweza kuleta nafuu ambayo mtu alikuwa tayari kuilipia dola nyingi.

Kwa hiyo kipimo kitangulie spana. Chukua mzani wa kuning'iniza wa kupimia mizigo ya safari, uvute ncha ya biti kwa kilo 5, na usome saa ya kupimia sehemu tatu: kwenye biti, kwenye bamba la mota, na kwenye boriti ya mlalo. Kama boriti inasogea karibu sawa na biti, mara nyingi tatizo liko kwenye magurudumu yanayoibeba, na skrubu ya gololi haitaligusa. Hapo fedha ziende kwenye reli za boriti, na mhimili wa wima ubadilishiwe nati tu. Kama boriti imetulia na biti inacheza, agiza 1204, na kwenye oda hiyohiyo weka springi ya kubeba uzito.