Porini Hakuna Jogoo

Ukiambiwa stendi ya Garissa kwamba basi linaondoka alfajiri, uliza alfajiri ya saa ngapi. Kwa msafiri neno hilo limelegea, laweza kuwa saa kumi, laweza kuwa saa kumi na mbili kasoro. Kwa aliyefunga Ramadhani halina ulegevu wowote: likiingia, daku limekwisha.

Majogoo, jogoo la kwanza, jogoo la pili: hayo ni maneno ya sikio, ya watu wenye nyumba na banda la kuku. Mfugaji aliyelala na ngamia wake porini hana jogoo, anatazama mbingu. Kisomali humwambia waaberi, yaani weupe umepambazuka, na kina kitenzi kizima, kallah, cha kushika njia mapema hivyo. Kiswahili nacho hakikukosa jicho. Kitenzi kifupi -cha kimetuzalia kumekucha, usiku kucha, macheo, hata kukesha.

Weupe huo huanza jua likiwa nyuzi 18 hivi chini ya upeo. Garissa iko kusini mwa ikweta kwa nusu nyuzi tu, kwa hiyo jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na kutoka weupe wa kwanza hadi jua kuchomoza ni kama saa moja na robo, masika na kiangazi. (London mwezi Juni jua halifiki nyuzi 18 usiku kucha, anayetafuta alfajiri huko hana budi kukadiria.)

Kabla yake hutokea fajiri ya uongo, mwanga hafifu uliosimama kama mkia. Ni vumbi lililotanda kati ya sayari, likimulikwa na jua ambalo bado limejificha. Fajiri ya kweli haisimami. Hulala, ikitandaa upeoni kushoto na kulia. Taa za mjini zimeimeza ile ya kwanza, na nadhani kijana wa Garissa mjini hajawahi kudanganywa nayo.

Saa ya simu nayo ina uongo wake. Saa za Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na Garissa iko magharibi yake. Ndiyo maana Februari, saa kumi na mbili kamili, jua la Garissa bado lina nusu saa ya kujitokeza, na mwenye ng'ombe wa kupeleka mnadani anawahesabu kwenye utusitusi.