Moshi wa Balad na mzigo wa ushahidi

Kaskazini mwa Baghdad, katika kambi ya Balad, Jeshi la Marekani lilikuwa na shimo la taka lenye ukubwa wa ekari zipatazo 10. Plastiki, betri, matairi, rangi na taka za hospitali vilitupwa humo, vikamwagiwa mafuta ya ndege na kutiwa moto. Moshi ulitanda usiku na mchana, na askari walikula, walilala na kufanya mazoezi humohumo.

Wengi walirudi makwao wakiwa wazima. Maradhi yalikuja baadaye: pumu ya ukubwani, kubanwa kifua, saratani. Walipoomba matibabu na fidia, walitakiwa wathibitishe kwamba chanzo ni moshi ule. Wangethibitishaje? Hakuna aliyempimia kila askari hewa aliyoivuta. Maombi mengi yakakataliwa.

Wenzao waliopigana vita vya Vietnam waliyaona hayo zamani. Unyunyiziaji wa sumu ya Agent Orange ulikoma mwaka 1971, lakini sheria ya kuwafidia ilipatikana 1991.

Safari hii sheria iliitwa PACT, ikapewa jina la Heath Robinson, askari wa Ohio aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Seneti ilipoikwamisha mwishoni mwa Julai 2022, maveterani walilala kwenye ngazi za Bunge, mchekeshaji Jon Stewart akiwapigia debe. Tarehe 2 Agosti ikapita kwa kura 86 dhidi ya 11. Siku nane baadaye Rais Joe Biden akaitia saini.

Uzito wake uko hapa: mwombaji huonyesha kwamba alitumikia mahali palipotajwa, kama Iraq, Afghanistan au Somalia, na kwamba anaugua moja ya maradhi zaidi ya 20 yaliyoorodheshwa. Uhusiano kati ya moshi na ugonjwa sheria yenyewe imeshaukubali. Akikubaliwa, hupata matibabu na malipo ya kila mwezi yasiyokatwa kodi. Akifa kwa maradhi hayo, mjane wake anaweza kudai.

Hata hivyo, sheria hii ni ya waliovaa sare. Maelfu ya Waganda walioajiriwa na kampuni binafsi kulinda kambi za Wamarekani nchini Iraq hawamo. Njia yao ni bima ya mwajiri, chini ya sheria ya mwaka 1941. Orodha ile ya maradhi haiwahusu, ingawa malango waliyoyalinda yalikuwa ya kambi za jeshi hilohilo.