Kinga inapoushambulia mwili

Kinga ya mwili ni mlinzi wa nyumba. Katika ugonjwa wa lupasi mlinzi huyu si dhaifu, bali amekosea: anampiga mwenye nyumba. Ngozi, viungo, hata figo huumia. Kumwongezea rungu si dawa. Vidonge vinavyouzwa kuwa "vinasawazisha kinga" havijathibitika kuponya maradhi haya. Vya alfalfa vimewahi kuamsha lupasi iliyotulia.

Baya zaidi ni kuviamini ukaacha ghafla prednisoloni. Mwili ulioizoea hupunguza kutengeneza homoni yake yenyewe. Ukiikatisha, presha hushuka na mgonjwa aweza kufa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo. Chochote unachotumia, hata habbasoda, mweleze daktari wako.