Sauti ya Stata na Vumbi la Dodoma

Katika mwezi wa Julai, alfajiri ya Dodoma huwa na baridi kali. Mji huu uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wakati huo wa kiangazi upepo hupeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya nyumba. Mwenye gari kuukuu hutia ufunguo kwa wasiwasi, na badala ya injini kunguruma husikia vyuma vikisagana. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba stata imekufa, wakaenda kutafuta nyingine. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kila sauti ya stata ina chanzo chake, na kwamba anayeisikiliza vyema kabla ya kushika spana huokoa fedha yake.

Tuanze na kazi ya stata. Zamani injini iliwashwa kwa kuzungushwa na hendeli, na iliporudisha pigo iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alifaulu kuiwasha kwa mota ya umeme, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa yakiwa na mota hiyo. Mota hii huzungusha gia ndogo, nayo gia hiyo huuma meno ya ringi iliyovishwa kwenye gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Kwa kuwa ringi ina meno mara kumi hivi ya yale ya gia ndogo, mota ndogo huweza kuizungusha injini kubwa.

Je, gia hiyo huingiaje na kutoka kwa wakati wake? Katika magari mengi ya zamani, zikiwemo Land Rover za petroli za miaka ya 1960, jibu ni kifaa kinachoitwa Bendix, kwa jina la Vincent Bendix wa Marekani. Gia ndogo hukaa juu ya mhimili wenye hesi kama za parafujo. Mota inapoanza kuzunguka ghafla, gia huchelewa kuifuata kwa sababu ya inesha yake, yaani tabia ya kitu kilichotulia kutaka kubaki kimetulia. Kwa kuchelewa huko husukumwa na hesi mpaka ikauma ringi. Injini inapowaka, ringi huizungusha gia kwa kasi kupita mhimili, na hesi zile zile huirudisha mahali pake. Hii ni kanuni ya kwanza ya Newton ikifanya kazi chini ya boneti.

Mimi mwenyewe niliifahamu kanuni hii kwa miaka mingi kabla ya kuielewa. Nilikuwa na Land Rover kuukuu ambayo stata yake ilianza kusaga. Nikawaza kwamba dawa ya msuguano ni mafuta, basi nikaifungua na kuzipaka hesi za Bendix mafuta mazito. Siku chache kelele ilipungua, nami nikajipongeza. Baada ya majuma mawili stata ikawa inavuma kwa kasi, "wiiii", lakini injini haigeuki hata kidogo.

Fundi mmoja mzee aliisikiliza mara moja tu, akaniuliza, "Mwalimu, umeipaka mafuta?" Nilipokiri, akaifungua na kunionyesha. Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi na kugeuka uji mzito, gia ikagandamana na mhimili. Sasa ilizunguka pamoja nao badala ya kuchelewa, na kwa hiyo haikusogea.

Vumbi la nyanda hizi si jambo dogo. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza Kongwa mwaka 1947, na kuachwa mwaka 1951, ulishindwa kwa sababu nyingi. Mojawapo ilikuwa udongo wenye mchanga mkali wa kwatzi, uliokauka kama saruji na kuyala majembe ya matrekta. Mchanga wa namna hiyo ukichanganyika na mafuta huwa msasa. Kwa hiyo hesi za Bendix husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa, zikaachwa kavu kabisa.

Baada ya kusafishwa, stata yangu iliacha kuvuma, lakini ile kelele ya kusaga ilirudi siku moja moja. Nilitaka kununua stata mpya. Fundi akanizuia: "Ikisaga tena, zima, igeuze injini kidogo kwa hendeli, kisha ujaribu." Nilifanya hivyo, nayo ikawaka bila kelele. Sababu ni hii. Injini ya silinda nne ikizimwa, mgandamizo wa hewa katika silinda huisimamisha karibu kila mara katika mojawapo ya mahali pawili, na hapo ndipo meno ya ringi hulika. Ugonjwa haukuwa katika stata hata kidogo! Fundi aliitoa ringi, akaipasha moto ili itanuke, akaivisha tena baada ya kuigeuza robo mzunguko. Ilipopoa ilisinyaa na kukaza, na meno mazima yakashika kazi.

Ziko sauti nyingine. Mlio wa "ta-ta-ta-ta" huashiria betri dhaifu au kiungo kichafu cha waya. Stata huweza kuvuta ampia 200, na kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu hupoteza volti 2 kati ya 12. Mngurumo mzito wa polepole huweza kuonyesha kwamba bushi zimelika na sehemu inayozunguka inagusa ukuta wa mota. Kelele ya kusaga isiyobadilika hata injini ikigeuzwa huelekeza kwenye gia ndogo yenyewe, au kwenye bolti za stata zilizolegea.

Anayejaribu haya akumbuke usalama. Kabla ya kutumia hendeli, zima swichi, toa gia, vuta breki ya mkono, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Kabla ya kufungua stata, ondoa waya wa betri.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila gari. Chukua bolti ndefu yenye nati iliyolegea, ishike ikiwa imelala, kisha izungushe ghafla: nati hubaki nyuma na kusogea juu ya hesi. Halafu paka hesi grisi iliyochanganywa na vumbi la uwanjani, ujaribu tena. Wanafunzi waulizwe kwa nini nati sasa inazunguka pamoja na bolti. Watakaojibu vizuri watakuwa wamelielewa kosa lililonipotezea majuma mawili.