Fedha Iliyopigwa Chapa: Namna ya Kutambua na Kupanga Madaraja ya Sarafu za Enzi ya Ukoloni

1. Utangulizi

Katika Kiswahili neno fedha lina maana mbili zisizotengana: ni madini meupe yanayofuliwa na sonara, na ni chombo cha kununulia na kuuzia. Maana hizo mbili zilikutana katika sarafu. Kwa miaka mingi, mtu wa pwani au wa bara aliyepokea fedha alipokea madini hayohayo, yenye uzito unaojulikana na chapa ya mtawala. Lugha imehifadhi kumbukumbu ya jambo hilo kuliko masanduku ya wazee. Pesa ni paisa ya Bara Hindi. Hela ni Heller ya Wajerumani. Reale ilikuja na Wareno na Wahispania. Thumuni, ambayo kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, ikaja kuwa jina la sarafu ya senti 50. Katika miji ya Katanga, faranga bado ni jina la fedha yoyote, ingawa faranga yenyewe iliwahi kuondolewa sokoni mwaka 1967, zaire ilipoanzishwa, hadi iliporudishwa mwaka 1998.

Maneno yamebaki, lakini sarafu zenyewe zinapotea. Nyingi ziliyeyushwa na kufanywa bangili na pete. Nyingine huuzwa leo kwa uzito, kana kwamba hazina chochote zaidi ya madini. Nyingine tena husuguliwa kwa mchanga hata zikapoteza thamani yake yote mbele ya mjuzi. Makala haya yanakusudia kueleza sarafu hizo ni zipi, mjuzi huzipimaje na kuzipangaje, na kwa nini mtu asiyejua anaweza kuangamiza ushahidi wa historia akidhani anautunza. Mwishoni yanapendekeza istilahi chache za Kiswahili kwa elimu hii, ambayo hadi sasa husemwa zaidi kwa lugha za kigeni.

2. Sarafu zilizopita mikononi mwa Waswahili

Sarafu ya fedha iliyoenea mno kabla ya ukoloni ni ile ya malkia Maria Theresia wa Austria, iliyoitwa reale au dola. Ina uzito wa gramu 28.07, na sehemu 833 katika 1000 ni fedha safi. Kila moja ina mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Hata hivyo, sarafu hiyo iliendelea kupigwa baada ya kifo chake kwa chapa ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi na Arabuni hawakukubali nyingine. Austria yenyewe iliacha kuitambua kuwa fedha halali mwaka 1858, lakini katika karne ya 20 ilipigwa hata London, Roma na Bombay. Hapa pana funzo la kwanza la elimu ya sarafu: mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kupigwa. Mwenye reale ya 1780 asikimbilie kusema kwamba ana kitu cha zaidi ya karne mbili.

Ya pili ni rupia. Rupia ya Bara Hindi, yenye gramu 11.66 na fedha ya sehemu 917 katika 1000, ilitawala biashara ya pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa hiyo makampuni ya kikoloni yaliyofika baadaye hayakuweza kuipuuza. Yalilazimika kuiga uzito na ubora wake. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipiga rupia ya Mombasa yenye mwaka 1888. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890, ikatoa rupia yenye picha ya mfalme Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, na mgongoni simba na mnazi. Rupia hiyo iligawanywa katika pesa 64, kama ilivyokuwa Bara Hindi. Sarafu za kampuni zilikoma kwa mwaka 1902. Kuanzia 1904 serikali ya Kijerumani ilipiga rupia zake yenyewe, ikagawanya rupia katika hela 100, na kuweka chini ya mwaka herufi A kwa kiwanda cha Berlin au J kwa kile cha Hamburg.

Katika mkusanyo wowote wa Afrika ya Kijerumani, sarafu inayotafutwa sana ni rupia mbili, yenye gramu 23.32. Ilipigwa kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894.

Ya tatu ni faranga ya Dola Huru ya Kongo. Kwa amri ya mwaka 1887, Leopold II aliweka faranga kuwa fedha ya dola hiyo. Zilipigwa sarafu za shaba zenye tundu katikati, na sarafu za fedha za sentimu 50, faranga 1, faranga 2 na faranga 5. Faranga 5 ina gramu 25 na fedha ya sehemu 900. Ndogo zake zina fedha ya sehemu 835. Upande mmoja una kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Wa pili una ngao, simba na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kazi na maendeleo. Sarafu za fedha za dola hiyo zina miaka minne tu: 1887, 1891, 1894 na 1896. Hazikuingia sana mashariki na kusini mwa nchi, ambako nguo, shanga na misalaba ya shaba ya Katanga viliendelea kuwa fedha ya watu. Kwa hiyo, faranga 5 ya 1887 inayoonekana Lubumbashi leo imesafiri njia ndefu, na njia hiyo nayo ni sehemu ya historia yake.

3. Madaraja

Sarafu mbili za mwaka mmoja, kiwanda kimoja na uzito mmoja zinaweza kutofautiana thamani mara kumi na zaidi. Tofauti hiyo hutokana na hali, na hali hupimwa kwa daraja. Wafaransa na Wabelgiji hutumia herufi B, TB, TTB, SUP, SPL na FDC. Wamarekani hutumia tarakimu kutoka 1 hadi 70, kwa kufuata mizani iliyotungwa na William Sheldon mwaka 1949. Yeye aliitunga kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, akidhani kwamba sarafu ya 70 ingeuzwa kwa bei mara 70 ya ile ya 1. Soko halikumtii kuhusu bei, lakini tarakimu zilibaki. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikupata kutumika sokoni.

Mjuzi haanzi kwa kuangalia sarafu nzima. Huanza kwa sehemu zilizoinuka kuliko nyingine, kwa maana ndizo zinazosuguliwa kwanza na vidole na mifuko. Katika rupia ya Wajerumani, ni tai aliye juu ya kofia, masharubu na shavu la mfalme. Katika faranga 5 ya Kongo, ni nywele zilizo juu ya sikio na mawimbi ya ndevu. Ikiwa manyoya ya tai yanahesabika, sarafu imeguswa kidogo. Ikiwa tai amekuwa kivuli kisicho na manyoya, imetembea miaka mingi. Kisha mjuzi huielekeza sarafu kwenye taa moja na kuizungusha polepole. Sarafu isiyotumika ina mng'ao wa kiwandani unaozunguka pamoja na mwanga kama mishale ya gurudumu. Mng'ao huo hutokana na madini kutiririka chini ya shinikizo la kalibu wakati wa kupigwa. Ukiondoka haurudishwi kwa dawa yoyote. Mwisho, hutazamwa ukingo na uwanda: mikwaruzo, magongo, tundu, au alama ya lehemu.

Alama ya lehemu hukutwa mara kwa mara katika nchi za Waswahili na Arabuni, kwa kuwa reale na rupia zilitiwa vitanzi zikawa vito vya mikufu. Sarafu ya namna hiyo haina daraja la juu katika soko la wakusanyaji. Lakini kwa mtafiti wa utamaduni inaweza kuwa na maana kuliko sarafu safi, kwa sababu inaeleza kwamba fedha ilivaliwa kabla ya kutumiwa, na kwamba shingo ya mwanamke ilikuwa benki ya nyumba.

4. Sarafu za bandia

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu adimu inayotembezwa kwa bei ndogo inastahili kushukiwa. Waghushi huchagua sarafu kubwa zenye bei, kama rupia mbili na faranga 5. Njia ya kwanza ya kuwatambua ni mizani. Faranga 5 halisi iliyotumika inaweza kupungua sehemu chache za kumi za gramu. Inayopungua gramu mbili au tatu haifai kuaminiwa.

Uzito peke yake hautoshi, kwani mghushi huweza kuongeza unene. Hapo huja kipimo cha maji. Sarafu hupimwa hewani, kisha hufungwa uzi na kupimwa ikiwa imezama ndani ya maji bila kugusa chombo. Fedha ya sehemu 900 iliyochanganywa na shaba ina uzito wa takriban gramu 10.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Hivyo faranga 5 ya gramu 25 itaonekana kupungua takriban gramu 2.4 ndani ya maji. Sarafu ya bandia ya shaba nyeupe, yenye uzito uleule, itapungua takriban gramu 2.8, ya shaba ya njano takriban 2.9. Kipimo hiki hakihitaji maabara. Kinahitaji mizani nyepesi, kikombe na uvumilivu. Sumaku nayo husaidia, kwa kuwa fedha haivutwi nayo, ingawa zipo sarafu za bandia zisizovutwa vilevile.

Baada ya hapo hutumika kioo cha kukuzia. Sarafu iliyopigwa kwa kalibu ina herufi zenye kingo kali. Iliyomiminwa ina herufi laini, vitundu vidogo vya hewa juu ya uwanda, na pengine mstari wa kiungo ubavuni. Tarakimu za mwaka zichunguzwe kwa makini, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuchonga tarakimu moja kuliko kughushi sarafu nzima.

5. Hatari ya kusafisha

Adui mkubwa wa sarafu za zamani si mghushi, bali ni mwenyewe mwenye nia njema. Gesi zenye salfa zilizomo hewani huungana na fedha na kufanya utando mwembamba, ambao huanza kuwa wa dhahabu, kisha wa samawati, na mwisho mweusi. Utando huo si uchafu. Hufunika madini, na kwa mjuzi ni ushahidi kwamba sarafu haikuguswa. Anayeusugua kwa majivu, ndimu au dawa ya meno huondoa pia tabaka la fedha lililobeba mng'ao wa kiwandani, na kuacha mikwaruzo elfu isiyofutika. Sarafu hung'aa siku hiyo, lakini daraja lake limekwisha kuanguka.

Utunzaji unaofaa ni rahisi kuliko usafishaji. Sarafu ishikwe kwa ukingo. Iwekwe katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu. Isiwekwe katika plastiki laini ambayo hutoa utomvu wa kijani unaokula madini. Juu ya bahasha iandikwe ilikopatikana, mwaka ilipopatikana na jina ambalo mwenyewe aliitumia kuiita. Maandishi hayo mara nyingi huwa adimu kuliko sarafu.

6. Istilahi na hitimisho

Mpangilio wa Kifaransa una upungufu mmoja wa lugha: herufi B humaanisha nzuri, ilhali sarafu ya daraja hilo imelika sana. Kiswahili hakina haja ya kurithi sifa hizo zisizolingana na hali. Madaraja yanaweza kuitwa kwa kueleza kilichoipata sarafu: iliyochakaa kwa B, iliyolika kwa TB, iliyotumika kwa TTB, iliyoguswa kwa SUP, isiyotumika kwa SPL, na kamilifu kwa FDC. Vivyo hivyo uso, mgongo, ubavu, uwanda na kalibu ni maneno yaliyomo katika lugha, yanayongoja tu kupewa kazi hiyo.

Faida ya istilahi hizo si ya wanachuo peke yao. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unataja sarafu zenye umri unaozidi miaka 100 miongoni mwa mali za kitamaduni. Sarafu zote za fedha za Dola Huru ya Kongo zimevuka umri huo, na rupia zote za Wajerumani pia. Lakini mkataba hauwezi kulinda kitu ambacho mwenyewe hakijui. Bibi aliyeachiwa rupia na mama yake, akiambiwa kwa lugha yake kwamba tai bado ana manyoya na kwamba weusi ule usiondolewe, ana sababu ya kutompa sonara aiyeyushe. Asiyeambiwa atauza gramu 11 za madini, na pamoja nazo ataondoka shahidi aliyejua kwa nini hadi leo watu hutafuta pesa, huhesabu hela na kuomba faranga.