Kipakatalishi kipya na mtoto wa pembeni

Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii nimeifundisha miaka mingi bila kuitilia shaka, hadi siku nilipomwambia mtoto mwenye macho mazima atazame, naye akashindwa.

Ilikuwa katika somo la jiografia, shuleni hapa Timau. Sikuwa na projekta, basi niliweka kipakatalishi changu mezani, nikawakusanya wanafunzi zaidi ya arubaini wapate kutazama picha za bonde la ufa na milima ya volkano. Walio mbele walishangilia. Mvulana mmoja aliyesimama pembeni, karibu na dirisha, akasema, "Mwalimu, mimi naona kiza tu." Nilidhani ana mzaha, nikamkemea. Kipindi kilipokwisha nilikwenda kusimama pale alipokuwa, na kwa hakika sikuona mlima wala bonde, ila weusi kama wa masizi.

Mtoto alikuwa mkweli. Mwenye kosa ni mimi niliyenunua mashine ile. Muuzaji, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja, alinisifia kadi ya grafiki, akanionyesha mchezo wa kandanda ambamo hata jasho la wachezaji lilionekana, nami nikashawishika. Kioo chenyewe sikukiuliza lolote.

Mwaka huu nimelazimika kununua kipakatalishi kingine. Fedha zenyewe ni mkopo wa chama cha akiba pamoja na mauzo ya viazi, na mke wangu alikwisha nionya: "Baba, hizi ni karo za watoto. Ukikosea safari hii, hakuna viazi vingine." Nilishika njia ya Nanyuki nikiwa na hofu, na duka nililoingia likaniwekea mashine mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na kadi ya grafiki ya pekee, bei shilingi 92,000. Ya pili haikuwa na kadi hiyo, bei shilingi 61,000.

Ndugu msomaji, hebu tupime pamoja. Grafiki ni ile sehemu ya mashine inayofanya hesabu za kuchora picha kwenye kioo. Katika mashine nyingi sehemu hiyo imo ndani ya prosesa na huazima kumbukumbu ya mashine nzima. Katika nyingine huwa ni kadi inayojitegemea, yenye kumbukumbu yake. Kadi ya namna hii ina faida kubwa kwa msanifu majengo, mhariri wa filamu, mwanafunzi wa uhandisi na mpenda michezo. Lakini mwalimu anayetayarisha maazimio ya kazi, anayejaza fomu za TSC za tathmini ya utendaji, anayepeleka alama kwa KNEC na kuonyesha filamu fupi darasani, anahudumiwa vyema na grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Isitoshe, kadi ya pekee ikifanya kazi hutoa joto na kunyonya betri, nasi wa Timau twajua jinsi stima inavyoweza kutoweka upepo wa mlimani unapovuma.

Kioo nacho kina mambo matatu ya kuulizwa. La kwanza ni idadi ya piseli, yaani vile vitone vinavyounda picha. Kioo cha piseli 1366 kwa 768 kina vitone milioni moja na ushei, ilhali cha 1920 kwa 1080 kina zaidi ya milioni mbili, na herufi zake ni safi zaidi. La pili ni mwangaza, ambao hupimwa kwa niti. Kioo cha niti 220 chafaa chumba chenye giza, lakini katika darasa lenye madirisha mapana, juani kwetu huku juu ya mita 2,000, ningetaka 300 au zaidi. La tatu, ambalo ndilo lililomponza yule mvulana, ni aina ya kioo. Vioo vya TN ni rahisi, lakini ukivitazama kwa upande rangi hufifia au hugeuka. Vile vya IPS, vilivyoanza kutoka Japani katika miaka ya 1990, huhifadhi rangi hata kwa mtu aliye kando.

Nilifungua picha moja katika mashine zote mbili, nikaenda kusimama kando ya meza, hatua tatu. Mashine ya shilingi 92,000 ikaingia kiza. Ile ya 61,000 ikabaki vilevile. Nikamwomba muuzaji azipeleke mlangoni penye jua. Alinicheka, lakini alizipeleka, na jibu likawa lilelile.

Kulikuwa na ya tatu, iliyokwisha tumika ng'ambo, kwa shilingi 28,000. Siidharau, maana wengi wetu tumesoma kwa mashine za namna hiyo. Hata hivyo, rahisi huenda ikawa ghali. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizoundwa kabla ya 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Anayenunua mtumba na aulize mwaka wa prosesa na afya ya betri kabla ya kuuliza bei.

Wapo watakaosema kwamba mzigo huu si wa mwalimu. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia mamlakani na ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 vishikwambi vikapelekwa katika shule za msingi. Ni kweli kwamba darasa la watoto arubaini lastahili projekta, wala kioo cha inchi 14 hakiwezi kuwa badala yake. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kungoja zabuni ya kesho.

Nilichukua ile ya shilingi 61,000. Tofauti ya shilingi 31,000 ilirudi nyumbani, na mke wangu akaihesabu mara mbili.

Yule mvulana amekwisha hama shule, wala sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda vyuoni, mkiingia dukani msisimame mbele ya mashine pale muuzaji anapowataka msimame. Nendeni kando, pale atakaposimama mtoto wa mwisho, kisha mtazame.