Spika Isihukumiwe Kabla ya Kusikilizwa

Gitaa likianza kukoroma katikati ya wimbo, wa kwanza kulaumiwa ni spika. Hufunguliwa, ikawekwa kando na mpya ikanunuliwa, kumbe kelele inatoka kwenye mabati ya paa. Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu Eldoret ni mji wa magitaa: ya kwaya, ya bendi za harusi, ya vijana wanaoshika muziki wa Kikalenjin uliovuma enzi za Kipchamba arap Tapotuk. Wengi wao hununua vyombo kwa kuchangishana.

Swali la kwanza ni hili: nyuzi zikiwa kimya, kelele ipo?

Kama ipo, huo ni mvumo wa umeme, na spika haina hatia. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde. Ukishapita kwenye daiodi za amplifaya, mtikisiko unaobaki huwa wa mara 100. Sasa bana uzi mnene kuliko wote kwenye chuma cha tatu cha shingo. Hiyo ni noti ya G, yenye mitikisiko 98. Mvumo ukikaribiana nayo, shuku kapasita zilizochoka. Ukiwa mzito zaidi, anza na nyaya: chomoa waya wa gitaa kwenye amplifaya. Kelele ikikatika, tatizo liko kwenye waya huo au kwenye gitaa lenyewe. Wapo wanaotuliza mvumo kwa kukata waya wa ardhi kwenye plagi ya pini tatu. Tafadhali, usifanye hivyo kamwe. Waya huo ndio unaomkinga mpiga gitaa umeme usimpitie mwilini.

Kama kelele huja pale tu noti inapopigwa, kuna kitu kinachotikiswa. Toa amplifaya nje, uwanjani, mbali na mabati, vioo vya madirisha na ngoma ya snea. Piga noti moja moja kuanzia chini, polepole, huku mwenzako akibana kwa kiganja mkono wa kubebea, wavu wa mbele, ubao wa nyuma. Mara nyingi kelele hunyamaza chini ya kiganja. Amplifaya iliyopakiwa kwenye bodaboda kutoka Iten au Burnt Forest hulegea skrubu, na bisibisi humaliza kazi.

Ikibaki spika yenyewe, zima umeme, weka vidole vya mikono miwili kuzunguka katikati ya karatasi, kisha isukume taratibu, pande zote kwa usawa. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia au kuhisi mkwaruzo kama wa mchanga, koili inasugua sumaku, kwa kuwa imeungua, imepinda au imeingiliwa na uchafu. Nafasi inamoelea koili hiyo ni finyu sana, na sumaku huvuta vumbi la chuma. Ndiyo maana spika haifai kuachwa wazi kwenye banda la jua kali ambamo mageti yanasagwa. Koili ikisugua, kweli tafuta spika nyingine, au fundi wa kubadilisha koili.

Mpasuko wa karatasi ni jambo dogo. Kipande cha tishu na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji hutosha, kikiachwa kikauke vizuri.

Mkwaruzo wenyewe haujawahi kuwa adui wa muziki. Wapiga likembe wa Kongo huvisha vibamba vyao pete za chuma ili vikwaruze, na mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks, kule Uingereza, alichana spika yake kwa wembe akapata sauti iliyotikisa dunia. Wao walichagua. Mpiga gitaa wa kwaya hakuchagua, na ana haki ya sauti safi.

Amplifaya za taa za kioo mwachie fundi. Ndani yake hubaki mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Ila unapokwenda kwake, beba gitaa lako na waya wake uleule, mwambie ni noti ipi inayokoroma, na umwombe aunganishe amplifaya kwenye spika nyingine mbele ya macho yako. Kelele ikiendelea, usilipie spika mpya.